Ami Ana Leseni Mbili

Wiki tatu zilizopita, katika mdahalo wa chama chetu, nilipangwa upande wa upinzani. Hoja ilikuwa kwamba serikali ziache kutoa leseni za teksi na kupanga masharti, dereva na abiria wapatane wenyewe. Tulishinda kwa kura nne. Lakini waliokuwapo wanakumbuka kuwa mwishoni niliulizwa swali nikababaika, nalo limenikaa kooni tangu siku hiyo. Kwa hiyo safu ya leo si ya mapishi kama nilivyoahidi toleo lililopita. Mniwie radhi, biriani itasubiri.

Swali lilikuwa hili: ikiwa kila safari sasa ina nyota, na dereva mbaya anafungiwa na programu ya simu hapohapo, leseni ya serikali ina kazi gani tena?

Nianze na lile ambalo halikunibabaisha. London ilikwisha kujaribu kuishi bila leseni, angalau kwa nusu ya teksi zake. Teksi nyeusi zina sheria tangu karne ya 17, na dereva wake hapewi beji ya mji mzima mpaka afaulu mtihani wa njia ambao wenyewe wanauita Maarifa tu: mitaa kama 25,000 ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, yote kichwani. Kwa wengi ni kazi ya miaka mitatu au minne. Lakini teksi za kuagiza kwa simu, zilizoingia mjini miaka ya 1960, hazikudaiwa kitu. Miji mingine ya England ilipewa uwezo wa kuzisimamia kwa sheria ya 1976. London ikangoja mpaka sheria ya 1998, na madereva wenyewe wakaanza kupewa leseni baada ya mwaka 2000. Kabla ya hapo mtu mwenye gari na leseni ya kawaida ya udereva aliweza kubeba abiria, wala hakuna aliyelazimika kuuliza kama amewahi kufungwa.

Mama alifika hapa mwaka 1996, akasafisha ofisi usiku. Anasema alikuwa radhi kungoja basi kwenye baridi dakika arobaini kuliko kupanda gari la mtu asiyemjua. Mimi nikitoka kazini saa sita usiku natazama namba ya gari, natazama uso wa dereva, napanda, na mara nyingi nasinzia. Mama hajawahi kusinzia ndani ya teksi maishani mwake.

Upande wa pili walinikumbusha kwamba dereva wa teksi nyeusi, mwenye beji yake, alitiwa hatiani mwaka 2009 kwa kuwalewesha abiria wanawake na kuwadhalilisha. Ni kweli, na inatisha. Ila sikuona jinsi kesi hiyo inavyotufikisha kwenye kufuta leseni. Mwizi akivunja kufuli hatung'oi mlango.

Sasa nyota. Hapa ndipo nilipobabaika, kwa sababu nilikuwa namfikiria ami yangu.

Ami, mdogo wake baba, huendesha teksi ya kuagiza. Kupata leseni yake alipitia ukaguzi wa rekodi ya polisi, uchunguzi wa daktari, mtihani wa ramani, uthibitisho wa Kiingereza, na baadaye ule mtihani mpya wa usalama na kanuni ambao aliurudia mara mbili. Analalamika sana kuhusu huo wa mwisho. Baada ya miaka mitatu leseni inaisha, anaanza kukusanya karatasi upya.

Mwaka jana, Ijumaa usiku, simu yake ilimwandikia kwamba akaunti yake inachunguzwa. Kampuni sitaitaja. Kuna abiria alilalamika. Nani, safari ipi, kuhusu nini, hakuambiwa. Aliandika, akajibiwa na mashine. Akaandika tena, jibu lilelile, neno kwa neno. Siku kumi na moja alikaa nyumbani na gari la mkopo nje, akitoka kuliosha. Siku ya kumi na mbili akaunti ikafunguka. Hakupata maelezo, wala pole.

Nilimpigia baada ya mdahalo nikamuuliza: je, kama ni mji wenyewe ungemnyang'anya leseni? Akacheka. "Mwanangu, hao itawabidi waniandikie barua waseme kosa langu. Nisiporidhika nakwenda kwa hakimu. Serikali ikininyima riziki najua pa kupiga hodi. Hawa wengine hata nyumba yao siijui."

Ana haki, na sheria ya 1998 inasema hivyo: dereva aliyenyimwa au kufutiwa leseni anaweza kukata rufaa mahakamani. Kwa hiyo jibu langu, wiki tatu baadaye, ni kwamba nyota hazikuondoa leseni. Zimeongeza ya pili. Ami ana leseni ya mji, yenye masharti yaliyoandikwa na rufaa, na ana leseni ya kampuni, isiyo na hata moja ya hayo. Bila ile ya pili, ile ya kwanza haimletei abiria.

Sisemi serikali hazikosei. New York iliweka kikomo cha idadi ya teksi kwa sheria ya 1937, na kibati cha leseni, medalioni, kikageuka bidhaa ya kuuzwa na kukopeshwa kama kiwanja. Kufikia 2014 kimoja kilizidi dola milioni moja, na mji wenyewe ulivipiga mnada. Magari ya programu yakaingia, bei ikaporomoka, deni likabaki kwa dereva, wengi wao wahamiaji. Mwaka 2018 baadhi yao walijiua. Mwaka 2021 wengine waligoma kula nje ya ofisi za mji ndipo madeni yakapunguzwa. Leseni inayothibitisha kwamba mtu ni salama barabarani ni jambo moja. Inayouzwa kwa sababu ni adimu ni jambo jingine kabisa.

Na kuna sheria zinazotazama kampuni pia. Hapa London mamlaka ya usafiri ilikataa kuhuisha leseni ya Uber mwaka 2017 na tena 2019, mahakama ikairudisha. Februari 2021 Mahakama Kuu ya Juu ikaamua madereva wake ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Lakini ni wafanyakazi wa daraja ambalo halina kinga ya kufukuzwa bila sababu. Tanzania na Kenya nako waligombana na kampuni hizi mwaka 2022, zaidi kuhusu kamisheni: LATRA iliishusha mpaka asilimia 15, Uber ikasimamisha huduma zake kuu Dar, ikarudi mwaka uliofuata kanuni zilipolegezwa. Kenya waliweka 18.

Ninachotaka ni kidogo. Kampuni inayopewa leseni na serikali ilazimishwe kumwandikia dereva kosa lake kwa siku chache, na kumpa binadamu wa kumsikiliza.

Nilimsomea Mama sentensi hiyo. Akauliza: na yule msichana aliyelalamika, dereva aendelee kubeba watu huku mnaandikiana barua? Nikasema hapana, afungiwe kwanza, kisha aelezwe. "Ajue na aliyemshitaki?" Hapo sina jibu. Ami anasema dereva hawezi kujitetea bila kujua ni safari ipi. Mama anasema dereva akijua safari anajua na nyumba aliyomshusha. Wamebishana Jumapili mbili mfululizo, chai ikapoa.

Leseni ya ami inaisha Machi. Jumapili ijayo nakwenda kumsaidia kujaza fomu, na Mama amesema atakuja.