Bima Ikikataa Tiba, Hasara ni ya Nani?
Muuzaji akivunja mkataba, hulipa hasara aliyosababisha. Bima ya afya inayotolewa na waajiri binafsi Marekani haifuati kanuni hiyo. Mwaka 1997 jimbo la Texas liliruhusu wagonjwa kuzishitaki kampuni za bima zinazokataa tiba kwa uzembe. Mwaka 2004, katika kesi ya Aetna Health, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliamua kuwa sheria ya ERISA ya mwaka 1974 inazuia madai hayo. Mgonjwa hudai tiba aliyonyimwa au gharama yake. Fidia ya madhara hapati. Kampuni iliyokataa isivyo haki kwa kawaida hulipa deni lilelile tu. Sheria irekebishwe. Mwenye hisa naye akumbuke: faida inayoegemea pengo la sheria huweza kuondoka kwa kura moja ya Bunge.