Seli za ubongo katika roboti: Ridhaa ya mwenye damu isipuuzwe

KWA jamii ya Abagusii, kufungua fuvu la binadamu si jambo geni. Kwa vizazi vingi, waganga wa jadi waitwao ababari walikwangua mfupa wa kichwa cha mtu aliyeumia na kusumbuliwa na maumivu yasiyokoma. Mgonjwa ndiye aliyemtafuta mganga, na nafuu iliyotarajiwa ilikuwa yake mwenyewe.

Sayansi ya leo inazua suala ambalo mzee wa Birongo, kaunti ya Kisii, ana haki ya kulihoji: je, seli za ubongo zilizokuzwa nje ya fuvu ni mali ya nani?

Mwaka wa 2008, Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, kilionyesha roboti ndogo iliyoitwa Gordon, iliyoongozwa na seli za ubongo wa panya zilizokuzwa juu ya elektrodi zipatazo 60. Roboti ilipokaribia kizuizi, seli zilipelekewa ishara ya umeme, na jibu lao likageuza magurudumu.

Mwaka wa 2022, watafiti wa kampuni ya Cortical Labs ya Australia walieleza jinsi seli zipatazo 800,000, za binadamu na za panya, zilivyojifunza mchezo wa kompyuta uitwao Pong. Machi 2025, kampuni hiyo ilizindua mashine ya kuuzwa yenye seli hai za binadamu.

Manufaa yapo, hasa katika kujaribu dawa za maradhi ya ubongo. Utata ni kwamba seli hizo huanza kama damu au ngozi ya mtu, kisha hugeuzwa maabarani.

Historia inaonya. Mwaka wa 1951, seli za Mmarekani Henrietta Lacks zilichukuliwa bila idhini yake, zikatumika kote duniani. Familia yake ilifikia mapatano na kampuni moja iliyonufaika nazo mwaka wa 2023, miaka 72 baadaye.

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inagusia tishu za binadamu, nayo NACOSTI hutoa leseni za utafiti. Hata hivyo, leseni pekee haitoshi. Anayetoa damu aelezwe, kwa Ekegusii au Kiswahili, itakakopelekwa, itakachogeuzwa na atakayefaidika.

Ababari walimjua mwenye kichwa. Maabara nazo zisimsahau. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.