TBC Taifa isigeuzwe redio ya muziki na mpira

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC),
Dar es Salaam.

YAH: MFUMO WA VIPINDI VYA TBC TAIFA

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia hadharani kwa sababu redio ninayoizungumzia ni ya umma, na umma una haki ya kusikia inachoombewa.

Upo ushauri unaorudiwarudiwa vijiweni, na hata na baadhi ya wanahabari, kwamba TBC Taifa imezeeka na dawa yake ni kufuata mtindo wa redio za FM za mjini: muziki mpya tangu alfajiri, watangazaji wawili watatu wakitaniana, jioni uchambuzi wa Simba na Yanga. Wanaoshauri hivyo wana jambo moja la kweli. Tangu sheria ya mwaka 1993 iliporuhusu redio binafsi, na Radio One ikaanza kusikika mwaka uliofuata, msikilizaji ana pa kwenda, na akichoshwa huondoka. Lakini muziki na mpira vimejaa tele kila unapozungusha kitafutio cha stesheni. Redio inayolishwa na kodi ikiingia foleni hiyo hiyo, tutakuwa tunalipia kitu ambacho wafanyabiashara wa matangazo wanatupa bure.

Tunao ushahidi wa hapa hapa nyumbani wa kile ambacho mchezo wa redio unaweza kufanya. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), ambayo ndiyo TBC Taifa ya leo, ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Walioufuatilia wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyechoka kusubiri akaamua kusimama kwa miguu yake. Mchezo ulisikika karibu nchi nzima isipokuwa eneo la mtambo wa Dodoma, ambako kwa makusudi viliwekwa vipindi vingine hadi mwaka 1995 ili watafiti walinganishe. Matokeo yake yanajulikana na wasomi wa mawasiliano duniani kote: uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma; na Dodoma nayo ilipoanza kuusikia, mabadiliko yakafuata huko pia. Ndugu Mkurugenzi, ni wapi pengine ratiba ya redio imepimwa hivyo, kwa Kiswahili, kwa wasikilizaji wa vijijini, ikaonekana inabadilisha maisha?

Miaka 20 kabla ya hapo ilikuwa kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Mwaka 1973 watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi na kiongozi aliyefundishwa na kitabu mkononi. Kipindi kikiisha, wanajadili, kisha wanachukua majembe: vyoo vikachimbwa, madimbwi ya mbu yakafukiwa. Siri ilikuwa kwamba redio ilisema kwa utulivu, ikanyamaza, ikawaachia watu nafasi ya kuzungumza wao kwa wao. Mfumo wa kelele zisizokatika hauwezi kuifanya kazi hiyo, hata ukipewa watangazaji hodari kiasi gani.

Sitaki nionekane nalilia kila kilichokuwapo. Hotuba ndefu za viongozi zisomwazo neno kwa neno hazina wa kuzililia. Ila vipindi kama Mama na Mwana, Malenga Wetu na Ugua Pole vilimtambua mtoto, mshairi na mgonjwa aliyelazwa, watu ambao hakuna kampuni ya bia wala ya kamari inayowatafuta. Na matangazo ya vifo, ambayo vijana wa mjini huyaona mambo ya kizamani, yalifikisha msiba kwa ndugu aliye mbali pale ambapo barua ingefika baada ya arobaini.

Basi badilisheni, lakini badilisheni pale panapostahili. Waajirini waandishi vijana watunge michezo mipya ya redio juu ya mambo yanayowasumbua leo: mikopo ya simu, kamari za mpira, ardhi, ndoa za utotoni. Michezo hiyo iwekwe pia mtandaoni, maana kijana wa bodaboda hatasubiri saa ya kipindi. Fungueni maktaba ya kanda za RTD, zile za bendi za NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na Tabora Jazz, zilizorekodiwa studio kwenu wakati nchi haikuwa na studio nyingine za maana; mziokoe kabla utepe haujaoza, na mzipige zikiwa na maelezo ya nani alitunga na nani alipiga gita. Huo nao ni muziki, na hakuna redio nyingine iliyo nao kwa wingi huo.

Ombi langu ni moja. Kabla ya kugusa ratiba, bodi iwasikilize wasikilizaji wa Kigoma, Mtwara na Kagera kama inavyowasikiliza wa Dar es Salaam, na kila saa ya mchezo, hadithi au elimu itakayopendekezwa kuondolewa, itangazwe hewani mapema pamoja na sababu zake, ili wenye redio waseme.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msikilizaji.