Anayelipa taslimu apunguziwe bei

Nchini Marekani, duka dogo likipokea malipo kwa kadi ya mkopo, mara nyingi hukatwa asilimia 2 hadi 3 ya mauzo, si ya faida. Kwa muuza vyakula, ambaye faida yake ni nyembamba, makato hayo yanaumiza mno. Hana budi kuyaingiza kwenye bei, na hapo mnunuzi wa taslimu, aghalabu mwenye kipato kidogo, humlipia mwenye kadi zawadi anazopata kwa kutumia kadi yake. Ndiyo maana sheria ya 2010 inayozuia kampuni za kadi kukataza punguzo la taslimu ni ya haki. Wapo wasemao noti nazo zina gharama: wizi, kuhesabu, kupeleka benki. Ni kweli, lakini gharama hizo muuzaji anaziona na kuzipima mwenyewe. Ada ya kadi hupangiwa. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi mwaka 2015, ukaweka ukomo wa asilimia 0.3 kwa ada inayokwenda benki ya mwenye kadi ya mkopo. Marekani nayo ifanye hivyo.