Je, Yafaa Kusahihisha Rangi za Picha Zetu?

Pamekuwa na ubishi shuleni juu ya picha zitiwazo katika gazeti hili. Wako wasemao kwamba picha ya dijitali isiguswe hata kidogo baada ya kupigwa, maana kuigusa ni kusema uongo. Wako na wengine wasemao kwamba kila picha ipitishwe katika programu ya kompyuta ili ipendeze. Mimi siafikiani na upande wo wote, na naomba nieleze sababu zangu.

Kwanza, nuru zote si moja. Wataalamu hupima rangi ya nuru kwa kipimo kiitwacho Kelvin. Mshumaa hufika kama 1,900, balbu ya waya kama 2,700, jua la mchana kama 5,500, na kivuli chini ya mbingu ya buluu 7,000 na zaidi. Hesabu ikiwa ndogo, nuru huelekea manjano na wekundu. Ikiwa kubwa, huelekea buluu. Macho yetu hujirekebisha yenyewe, ndiyo maana shati jeupe tunaliona jeupe bwenini na uwanjani pia. Kamera haina jicho la namna hiyo, nayo hukisia. Ikikosea, shati hilo hilo hutoka la manjano chini ya balbu, au la kijani chini ya taa za tyubu.

Tena, picha isiyoguswa haipo. Katika kamera nyingi kila nukta hupokea rangi moja tu: katika nukta nne, mbili huona kijani, moja nyekundu, na moja buluu. Mpango huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, na haki ya uvumbuzi ikatolewa mwaka 1976. Rangi nyingine zote kamera huzipata kwa hesabu. Basi asemaye tusiiguse picha anaiachia mashine neno la mwisho.

Lakini wale wa upande wa pili nao wajihadhari. Programu nyingi hudhani kwamba rangi zote za picha zikichanganywa hutoa kijivu. Mpe picha ya shamba la migomba, nayo itadhani kijani kimezidi, itie wekundu wa zambarau. Mpe picha ya mpira katika uwanja wa udongo mwekundu, nayo itamwaga buluu mpaka wachezaji waonekane kama waliotolewa katika barafu.

Jambo lililo kubwa zaidi ni nyuso zetu. Tangu miaka ya 1950 maabara nyingi za picha zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa, na mtu mweusi akatoka kama kivuli chenye meno. Katika miaka ya 1990 Kodak walitoa kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali, na mwaka 2021 Google walitia katika simu za Pixel 6 mpango wa kuonyesha vema ngozi za kila rangi. Hata hivyo, mwaka jana picha ya darasa letu ilirudi kutoka studio moja nyuso zote zikiwa zimepauka, na mama wa mwenzetu alimtafuta mwanawe katika safu ya pili asimtambue. Hayo siyaiti masahihisho.

Shauri langu ni hili. Mpiga picha aanze kwa kupiga kadi ya kijivu katika nuru ile ile atakayotumia, kisha asahihishe kwa kuifuata kadi hiyo, wala si kwa kuufuata uso wa mtu. Asitegemee shati jeupe lililofuliwa kwa buluu, kwani litamdanganya. Picha ya jua la magharibi aiache na manjano yake, kwa sababu manjano hayo ndiyo saa yenyewe. Na nakala ya kwanza isifutwe.

Kwa wazee wetu waliosoma hapa zamani nina neno pia. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu ndani ya albamu, kwa kuwa katika karatasi nyingi za wakati ule rangi ya samawati ndiyo iliyochujuka upesi, hata gizani. Zikipitishwa katika skana, rangi iliyopungua yaweza kurudishwa kwa kiasi. Tusipofanya hivyo, wadogo zetu watadhani majani ya uwanja huu yalikuwa mekundu zamani. Picha yenyewe ya karatasi itunzwe, kwa maana ndiyo shahidi wa asili.

Basi namwomba Mhariri aweke sheria moja: rangi iliyoletwa na taa au mashine iondolewe, na rangi aliyo nayo mtu iachwe. Ningefurahi kusikia maoni ya wasomaji wengine.