MAONI YETU: KUCHIMBA SHABA NDANI YA TELEFONE



Tangu turudi toka vakansi kuko mabishano makubwa kwenye internat. Wengine wanasema ule mchezo wa telefone unaoitwa Old School RuneScape ni kitu cha uchawi, na mtu akiucheza atapotea. Wengine wanajibu: hapana, ni mchezo tu, kama mpira ao kisolo. Lakini wengi wa wale wanaobishana hawajaucheza hata siku moja. Sisi wanne wa mwaka wa tatu tuliucheza majuma matano nyumbani, kwa zamu, juu ya telefone moja ya yaya wa mwenzetu. Kwa hiyo tunaomba ruhusa tuseme tuliyoyaona, mazuri na mabaya, bila kuficha.

Kwanza, huu mchezo unatoka wapi? Ulizaliwa Uingereza mwaka wa 2001, kwa mikono ya ndugu wa jamaa ya Gower, na kampuni yake inaitwa Jagex, katika mji wa Cambridge. Watu wa inchi nyingi wanaingia pamoja kwa njia ya intaneti, kila mmoja na mtu wake mdogo anayemtembeza katika inchi ya hadisi yenye majitu, mazimwi na wafalme. Miaka ilipopita, wenyewe waliugeuzageuza. Mwisho wa mwaka wa 2012 waligeuza hata namna ya kupigana, na wachezaji wengi walikasirika wakatoka. Basi mwezi wa pili 2013 kampuni iliwauliza watu: mnataka tuwarudishie mchezo wa zamani? Watu zaidi ya 440.000 walipiga kura. Ile kopi iliyokuwa imewekwa akiba tangu mwezi wa nane 2007 ilifunguliwa tena tarehe 22 mwezi wa pili 2013. Kisha, tarehe 30 mwezi wa kumi 2018, uliingia katika telefone, na njo namna ulivyotufikia sisi.

Angalieni: mwaka wa 2007 sisi hatukuwa bado tumezaliwa, ao tulikuwa tungali tukibebwa mgongoni. Kumbe tunacheza kitu cha wakubwa wetu, kilichofufuliwa kwa sababu walikikumbuka na kukililia. Na mpaka leo kitu kipya kikitaka kuingizwa, wachezaji wanaulizwa kwa kura. Zamani ilihitajiwa 75 kwa mia wakubali, baadaye ikashushwa kuwa 70. Jambo hilo lilitupendeza. Hata katika komite ya darasa hatukuzoea kuulizwa hivyo!

Sasa tuseme tulivyoona siku ya kwanza. Kwa kweli tulicheka. Sura za watu ni kama zimechongwa kwa panga, miti ni kama fagio iliyosimikwa, na mtu wetu alitembea kama aliyemeza fimbo. Mmoja wetu alisema: «Njo hii watu walililia?» Lakini tuliendelea. Unaanzia kwenye kisiwa kidogo ambako walimu wanakupokea mmoja mmoja. Huyu anakufundisha kukata mti, kuwasha moto na kuvua kamba wadogo wa maji. Huyu anakufundisha kupika mkate. Kisha unashuka chini ya ardhi, na mwalimu mwingine anakupa sururu. Na anakuambia uchimbe nini? Shaba! Shaba na bati. Unatia jiwe moja la shaba na jiwe moja la bati katika tanuru, inatoka bronzi, na kwa bronzi unafua kisu chako cha kwanza.

Tuliangaliana. Sisi watoto wa Katanga, tumevuka bahari kwa njia ya intaneti mpaka inchi ya mazimwi, ili tuende tukachimbe shaba!

Kisha kile kisiwa, unatupwa katika mji unaoitwa Lumbridge. Tulifikiri sasa tutaanza kuua mazimwi. Bure. Mpishi wa mkubwa wa mji alitutuma tumtafutie yai, maziwa na unga, sababu bwana wake ana sikukuu ya kuzaliwa na keki haijapikwa. Tulienda kukamua ng'ombe, tulisaga ngano kwenye kinu, tukabeba vyote. Mama wa mwenzetu alikuwa amesimama nyuma yetu, akauliza: «Munafanya nini pale tangu asubuyi?» Tukamweleza. Alisema: «Aa, kumbe kazi munajuaka! Na maji yangu ni nani ataenda kuteka?» Hatukuwa na jibu. Ile ndoo ilikuwa tupu tangu jana yake.

Hapo tuanze kusema maoni yetu, maana neno la yule mama ndilo lililotufanya tuandike. Sababu gani kijana anayekataa kuteka maji anateka kwa furaha maziwa yasiyonyweka? Tulitafuta sana, na tuliona hivi: katika mchezo huu hakuna kazi inayopotea. Kila jiwe ukilipata unaongezewa pointi palepale, na unaziona. Kila kazi ina madaraja, toka 1 mpaka 99. Ukipanda daraja, mwangaza unapasuka juu ya kichwa chako na muziki unalia. Hakuna mtu wa kukuambia «wewe ni mjinga», hakuna wa kukunyima kwa sababu hujatoa kitu chini ya meza. Unapiga, unalipwa. Haba na haba, kibaba kinajaa mbele ya macho yako.

Lakini kuko mtego. Kufika daraja la 99 katika kazi moja tu kunahitaji pointi 13.034.431. Na mtu akifika daraja la 92 anafikiri amebakiza hatua kidogo tu, kumbe ndiyo kwanza amefika nusu ya njia. Daraja za kwanza wanakupa mbiombio, kama mtu anayetupia kuku mahindi mpaka aingie nyumbani. Kisha mlango unafungwa, na wewe unabaki ndani unapiga jiwe lilelile. Sisi kwa majuma matano hatukupita daraja la 43 katika uchimbaji, na tulikuwa wanne!

Juu ya uchawi, tunataka kujibu kwa heshima. Ni kweli, ndani kuko watu wanaotupa moto na upepo kwa kutumia vijiwe, na kuko miungu yenye majina yake. Tuliona ni hadisi, kama zile za sungura na fisi anayesema. Hakuna mmoja wetu aliyeabudu kitu. Jambo moja tu lilitusumbua roho. Kuko daraja la sala pia, na unalipanda kwa kuzika mifupa ya wanyama uliowaua: mfupa mmoja, pointi kadhaa. Mmoja wetu alizika mifupa ya ng'ombe usiku mzima ili sala yake ipande, na usiku huo alilala bila kusali. Hapo hatuhitaji kutafuta mchawi mbali. Sala iliyo hesabu tu, sisi tunaijua hata kanisani: mtu anahesabu siku alizohudhuria, lakini kwa jirani yake anayeumwa hajafika.

Tulidanganywa pia. Mtu mmoja ndani ya mchezo, hatujui ni wa inchi gani, alituita marafiki, akasema tumfuate kaskazini atupe silaha bure. Tulivuka mtaro mmoja bila kusoma vizuri onyo lililoandikwa. Ng'ambo ya ule mtaro wachezaji wanaruhusiwa kuuana. Wenzake walikuwa wanangojea. Tulikufa mara moja, tukafufuka Lumbridge na vitu vitatu tu mfukoni. Kazi ya siku nne ilienda. Yule ambaye telefone ilikuwa mkononi mwake alitaka kulia, na wengine tulimkasirikia siku mbili. Hata hivyo tulipata fundisho kwa bei ndogo. Nje ya mchezo, mtu anayekuita «rafiki» na kukuahidia kazi ya bure mbali na kwenu anaweza kukupokonya zaidi ya kofia ya chuma.

Sasa tufike penye uzito. Shaba katika inchi yetu si hadisi. Wazee wetu waliijua kabla ya wageni kufika: waliichimba, waliiyeyusha, wakaimwaga iwe misalaba, na ile misalaba ilikuwa franga yao. Bati pia tunalo, Manono inajulikana sababu yake. Na hiyo telefone tuliyoshika, betri yake inahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo wa Kongo. Maana yake, mtoto wa hapa anaweza kushika mkononi jiwe lililochimbwa na kaka yake, ili achimbe jiwe ambalo haliko.

Yaya wa mmoja wetu ni mchimbaji kweli. Aliacha masomo mwaka wa nne, franga za minerval zilipokosekana. Siku moja alikaa nasi akaangalia. Aliona jiwe la mchezo likichimbwa, na kisha sekunde chache likajaa tena lenyewe. Alicheka sana. Halafu aliuliza: «Na hapa, shimo haiangukaka?» Tukasema hapana. «Na mwenye kununua, hadanganyi kilo?» Tukasema hapana, bei inaandikwa na kila mtu anaiona. Akanyamaza kidogo, akasema: «Basi hiyo si kazi ya mugodi. Hiyo njo mbingu.» Akaondoka.

Neno lile lilitukata. Tarehe 27 mwezi wa sita 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliwaangukia wachimbaji, na zaidi ya thelathini walikufa. Wale hawakufufuka Lumbridge.

Na msifikiri mchezo wenyewe uko mbali na shida za watu. Wakati franga ya Venezuela ilipoanguka, vijana wengi wa kule walikaa saa nyingi ndani ya mchezo huuhuu wakiua mazimwi ya kijani na kukusanya dhahabu ya hadisi, kisha wakaiuza kwa dolari ili jamaa zao wale. Sheria ya mchezo inakataza, na wachezaji wengine waliwawinda. Kwa mmoja ilikuwa burudani, kwa mwingine ilikuwa mkate. Tuliposikia habari ile hatukuweza tena kusema «ni mchezo tu».

Basi hukumu yetu ni nini? Kwa wale wanaosema ni uchawi tunasema: hapana, na mkiendelea kusema hivyo vijana watawacheka na hawatasikia onyo la kweli. Kwa wale wanaosema hauna neno tunasema: vilevile hapana. Hauli mega nyingi kama video, ni kweli. Unachokula ni saa. Mwenzetu mmoja, hatutataja jina, alianza kucheza na sisi lakini hakujua kuacha. Alicheza chini ya blanketi mpaka saa tisa ya usiku, na franga alizopewa za kununua makaye ziliisha kwa mega. Katika mchezo ana daraja la 61 la kukata miti. Katika hesabu, kotasiyo ya kwanza, alipata 4 juu ya 20. Ametuomba tuandike habari hii yeye mwenyewe, na tunamshukuru.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzetu, tunawashauri mambo matatu. Mtu akitaka kucheza, acheze siku ya vakansi na kwa saa iliyopangwa, na mwingine ashike saa, sababu mwenye kucheza hajui wakati. Asicheze kabla ya kumaliza kazi ya nyumbani; ndoo ya mama inatangulia maziwa ya mpishi. Na asitumie hata franga moja ya masomo.

Na ninyi walimu wetu, mturuhusu neno moja bila kukosa heshima. Mchezo huu unatushika kwa sababu kila anayejitahidi anaona palepale amefika wapi. Sisi mara nyingi tunaandika enterogasiyo mwezi wa kumi, tunaona pointi mwezi wa kumi na mbili. Yule wa mwisho darasani haambiwi kamwe kwamba amepanda toka 3 mpaka 6. Anaambiwa tu kwamba ameanguka. Hatuombi muziki wala mwangaza juu ya kichwa. Tunaomba makaye yarudishwe mapema, na anayepanda hatua moja ajue kama amepanda.

Yule yaya mchimbaji, kabla hatujarudi internat, alitupa franga za kalamu. Zilikuwa na vumbi jekundu. Tumezinunulia kalamu nne, na kwa mojawapo ndiyo tumeandika maneno haya. Bwana Yesu amlinde shimoni, na atupe sisi kujua thamani ya saa zetu.

Ni sisi ndugu zenu,
Wanafunzi wanne wa mwaka wa tatu