Vijana wa Simiyu wapewe soko, si mikopo pekee

Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini. Hata hivyo, mkulima wa Shishiyu, wilayani Maswa, akishauza pamba mbegu kwenye chama chake cha ushirika cha msingi (AMCOS), safari yake na zao hilo inaishia hapo. Pamba huchambuliwa mkoani, kisha marobota mengi hupakiwa na kwenda zake. Kusokota nyuzi, kufuma na kushona, kazi ambazo zingeajiri watoto wake, hufanywa kwa sehemu kubwa na watu wengine katika nchi nyingine.

Tunaamini hali hii itabadilishwa na biashara zinazoanzishwa na wenyeji ili kutatua tatizo la mahali walipo, huku zikipata faida inayobaki hapo hapo. Kwa miaka kadhaa sasa juhudi kubwa imewekwa katika kuzipa biashara hizo mitaji. Kinachopungua ni mnunuzi wa uhakika.

Kanda ya Ziwa inalijua hili tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Usukuma waliokuwa wakipunjwa kwenye mizani waliamua kuwaajiri wapimaji wao wenyewe. Mwaka 1952 mwanaushirika Paul Bomani aliongoza kuundwa kwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 vyama vyao vya ushirika vikaungana katika shirikisho la Victoria. Wakulima hawakuishia kulalamikia bei. Walishika ununuzi wenyewe, wakamiliki viwanda vya kuchambua, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 shirikisho lao lilikuwa miongoni mwa makubwa barani Afrika. Nguvu yake ilitokana na kushika soko. Mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, mkulima alipokonywa nguvu hiyo.

Mfano wa karibu zaidi uko wilayani Meatu, mkoani Simiyu. Tangu mwaka 1994 wakulima wa huko wamekuwa wakilima pamba bila dawa za kemikali chini ya mpango wa bioRe, na pamba yao hununuliwa kwa bei iliyo juu ya ile ya soko. Mkulima huvumilia palizi ngumu na masharti magumu kwa sababu mnunuzi anamjua kabla hajapanda.

Mkoa huu ulioundwa mwaka 2012 nao ulipata wazo zuri uliposema kila wilaya iwe na bidhaa yake. Meatu vijana wakasindika maziwa. Maswa wakatengeneza chaki. Uamuzi wa chaki ulikuwa wa busara, maana shule za msingi na sekondari zinaitumia kila siku ya masomo, na mnunuzi mkubwa wa mahitaji ya shule hizo ni umma wenyewe. Bidhaa ya namna hiyo haipaswi kuhangaika kutafuta mteja.

Sheria nayo ipo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na kila kikao cha madiwani huizungumzia. Lakini ipo sheria nyingine isiyozungumzwa kwa sauti hiyo: ya kutenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu, wakiwamo vijana na wanawake. Mkopo unadai marejesho. Zabuni ndiyo inayoleta fedha ya kuyalipa.

Tunazitaka halmashauri za Simiyu zifanye mambo matatu. Kwanza, kila mwaka zibandike kwenye ofisi za kata, ikiwamo ya Shishiyu, orodha ya vitu zinavyonunua: chaki, madawati, sare, vyakula vya shule. Orodha ioneshe pia kiasi kilichokwenda kwa makundi maalumu. Pili, maofisa maendeleo ya jamii wavisaidie vikundi vya vijijini kujisajili kwenye mfumo wa zabuni wa NeST, kwani kikundi kisichojua kuutumia hakina haki yoyote ya maana katika hiyo asilimia 30. Tatu, vikundi vilipwe kwa wakati. Kikundi chenye mtaji mdogo kikicheleweshewa malipo kwa miezi kadhaa kinakufa kikiwa na mkataba mkononi.

Vikundi navyo vina wajibu. Chaki inayovunjika kabla mwalimu hajamaliza sentensi haina utetezi, hata kama imetengenezwa na kijana wa nyumbani. Alama ya ubora ya TBS itafutwe, vitabu vya hesabu viandikwe, na viongozi wa kikundi wasome mapato na matumizi mbele ya wanachama wote.

Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka inapita Malampaka, wilayani Maswa. Itabeba kitakachokuwepo: marobota ya pamba pekee, au pia bidhaa zilizotengenezwa na watu wa mkoa huu. Uamuzi huo hautafanywa na reli. Unaanza na bajeti ijayo ya kila halmashauri, kwenye ukurasa wa manunuzi, na madiwani wasiipitishe mpaka waone fungu la vijana limeandikwa humo.